Zamu ya Themanini na Moja

Huku milimani kwa Waixili, Guatemala,
darasa la tatu limehamishiwa uani
ili sisi tuingie na ndoo, na taa za kipajini,
na jenereta inayokohoa kama mzee wa tumbaku.
Ubaoni hesabu ya jana haijafutwa:
saba mara nane, kisha alama ya kuuliza.

Watoto themanini. Kila mmoja kifuani
kabandikwa utepe wenye namba.
Wa kumi na tisa kaupindua juu chini,
ukasomeka sitini na moja,
akaenda kucheza gololi.

Nicolasa, miaka minane, blauzi ya ndege waliofumwa,
alifungua kinywa nikaona
nilichokiona tangu Jumatatu:
magego ya ukubwani, hayajatafuna hata miaka miwili,
yameliwa kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi.

Nikauliza anakunywa nini asubuhi.
Kihispania changu kinachechemea;
Jacinta Ceto hukipokea mlangoni,
hukivisha Kiixili, hukipeleka kwa wenyewe.
Kahawa ya sukari. Na mchana? Soda.
Na maji?
Hilo Jacinta hakulitafsiri.
Alinionyesha dirishani duka la Gaspar,
ambako chupa ya soda ni rahisi kuliko chupa ya maji,
na bomba la kijiji, kavu tangu Februari,
lililoanikwa soksi.

Nikachoma ganzi. Nikangoja. Nikashika koleo.
Jino lilitoka na mizizi yake yote mitatu.
Hakulia. Alikuwa ameng'ang'ania kidole gumba cha Jacinta
mpaka kikawa cheupe.
Nikampa mswaki. "Kwenu mko wangapi?"
"Saba."
Sheria ya msafara ni mmoja kwa kila mtoto.
Nikahesabu saba.
Jioni nikamwona kaka yake na mmoja wao,
anasugua viatu vya baba yao.
Nilitaka kukasirika. Viatu vilikuwa vinang'aa.

Sasa niseme nililolificha.
Gego langu la chini, kushoto,
lilianza kunipigia ngoma tangu uwanja wa ndege,
nami, daktari, nameza vidonge kwa siri
na kuwahubiria watoto wa watu.
Mganga hajigangi, ndiyo,
lakini mganga pia huona aibu.

Jacinta aliniona natafuna chapati ya mahindi upande mmoja.
Hana cheti ukutani.
Miaka kumi na mmoja iliyopita wageni kama sisi
walimfundisha wiki tatu, wakamwachia koleo moja,
wakapiga picha, wakaondoka.
Koleo hilo hulichemsha katika sufuria isiyopikiwa kitu kingine,
na mlango wake hubishwa saa nane za usiku,
mwezi wa mvua, mwezi wa njaa,
miezi ambayo sisi hatupo kwenye picha.

"Kaa," aliniambia, na kunibandika utepe:
themanini na moja.

Watoto wakajaa dirishani kama kuku kwenye pumba.
Nilijua kila atakachofanya kabla hajakifanya,
na kujua hakukunisaidia kitu.
Nilitafuta cha kushika.
Kumbe Nicolasa ameingia, pamba ingali shavuni,
akaninyooshea kidole chake gumba,
kidogo, kina wino.

Baadaye, mdomo mzito nusu,
niliwaambia methali ya kwetu:
jino la pembe si dawa ya pengo.
Ikapita kwenye Kihispania changu, ikapita kwa Jacinta,
ikafika kwao kuwa: pembe ya ng'ombe haiponyi meno.
Walicheka hadi wa kumi na tisa akarudi kuona kuna nini,
tukamkamata.

Jino langu aliliomba Nicolasa.
Alilifunga kwenye jani la muhindi, akaenda nalo.
Sikuuliza la nini.

Ndani ya basi wenzangu wanajumlisha:
mia mbili na kumi na mawili tumeng'oa.
Mimi ulimi wangu unakwenda pale pale, unarudi,
unakwenda tena,
kama mtu aliyelala ugenini
akipapasa ukuta kutafuta mlango.