Kisanduku cha Swali la Nne

Jumatatu usiku, Longton. Mvua ilikatika juzi,
lakini paa la ukumbi bado linadondosha
maji ya Jumamosi, tone baada ya tone,
ndani ya sufuria tuliyopikia pilau ya Idi.

Tumekaa wanne kuizunguka fomu
kama watu wanaokesha na maiti
wasiyemjua hata kwa jina.

Serikali ina fungu, alisema diwani,
fungu la mitaa iliyoachwa nyuma.
Nikamwuliza: aliyetangulia ni nani?
Akacheka. Akatazama saa.

Swali la nne: *Onyesheni ukubwa wa shida zenu.*

Doreen, miaka themanini na moja,
aliyechora mawaridi kwenye vikombe tangu ana kumi na tano
hadi asubuhi waliyokuta tanuri limepoa na lango lina kufuli,
anasema: Andika kwamba nalala na koti.
Kisha: Hapana. Futa.
Dada yangu asije akajua.

Ghulam anataka liingie duka la dawa lililofungwa,
na basi lisilopita tena baada ya magharibi,
na goti lake.
Nsimire wa Bukavu, mtoto mgongoni,
anataka chumba kikavu tu
ambamo wakubwa zake watafanyia hesabu.
Kalamu ninayo mimi, kwa kuwa eti nimesoma.

Kisanduku kinameza maneno mia mbili na hamsini.
La mia mbili hamsini na moja linatemwa.
Nami Kiingereza kikinikwama huanzia kwenye vina,
nikihesabu kwa vidole chini ya meza
kama bibi alivyonizoesha:

Twambiwa tujieleze, tupange njaa mezani,
Machozi tuyakoleze, yapimwe kwenye mizani,
Jirani tumpuuze, naye yumo taabuni,
Atakaye tumweleze: paa lavuja, jamani!

Nsimire alicheka hadi mtoto akaamka.
Doreen akauliza, kuna nini?
Nikamfasiria kipande cha mwisho tu.
Basi andika hivyo hivyo, akasema.

Lakini kisanduku hakitaki paa.
Kinataka wadau. Kinataka athari inayopimika,
na mpango wa miaka mitano kutoka kwa watu
ambao mita ya gesi huwauliza kila Alhamisi
kama watafika Ijumaa.
Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika vizuri.
Koti la Doreen nililiingiza bila jina,
nikaliita *baadhi ya wazee*.
Goti la Ghulam likawa *changamoto za usafiri*.
Nilipowasomea, hakuna aliyejitambua.

Wiki kumi na nne.
Barua ikaja, nyembamba, ya adabu.
Tulikuwa karibu sana, ilisema. Mtaa mmoja wa Fenton
ulituzidi kwa alama mbili.

Ghulam alitaka kujua ni alama za nini.
Za shida, nikamwambia.
Akanyamaza kidogo. Kwa hiyo wao
wameshinda?

Mwezi wa tano walitualika wakifungua ukumbi wao.
Tulikwenda. Ungefanyaje?
Niliingia nikitazama juu, siwezi kukuficha:
mbao mpya, nyeupe, hazina hata doa,
na chini yake mwanamke mwenye macho mekundu
akizunguka na birika, akituomba radhi
kana kwamba alituibia.
Kwao sakafu ilioza, alisema. Mtoto alitumbukia mguu.
Naye ndiye aliyejaza fomu, usiku kwa usiku,
na hakulipenda alichokiandika.

Doreen alipokea kikombe.
Kabla hajamiminiwa akakigeuza kichwa chini,
kama wafanyavyo wazaliwa wote wa hapa,
hata harusini, hata msibani,
kusoma muhuri wa kiwanda.
Akausogeza karibu na miwani.

Si chetu, akasema.
Akakigeuza tena, akakinyoosha kwa yule mwanamke,
na mkono wake haukutikisika.
Nijazie, mwanangu. Mpaka juu.