Uulize Unakwenda Wapi

Kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, ndoo ya saruji mkononi,
nikidhani nimesema jambo.
Irmhild Katterbach akanitazama juu ya miwani:
"Weka ndoo chini. Kwanza uulize unakwenda wapi."

Akatoa mfukoni kipande cha kioo, chembamba kama ukucha,
akakigandisha juu ya ufa, akaandika tarehe kwa penseli.
Kikivunjika, ukuta unatembea.
Kisipovunjika, ni kovu. Liache.

Miaka arobaini na mmoja Dundee,
Mjerumani mrefu ndani ya koti la mvua la kiume,
akigonga kuta kwa kifundo cha kidole
kama anayechagua tikiti sokoni.
Kiwanda cha juti alikiokoa:
leo watu wanalala paliposhonwa magunia.
Shule ya wasichana, aliokoa nusu.
Bafu za umma zilimshinda. Ni maegesho ya magari sasa,
na kila alipofika pale
alivuka barabara.

Jiwe la zamani linapumua, alisema,
saruji ni mto uliobanwa usoni.
Akanifundisha kuchanganya chokaa,
mimi, ambaye babu yangu Pangani
aliichoma tanuri kwa tanuri!
Niliona haya, nikakoroga kimya.

Kassel aliitaja mara moja tu,
tukiwa juu ya jukwaa, upepo wa mto Tay ukitupiga mbavuni:
"Nilikuwa na miaka miwili. Moto siukumbuki.
Namkumbuka mama, baadaye, akihesabu milango ya mtaa wetu kwa kidole,
pale ambapo hapakuwa na milango."
Halafu akaomba futi.

Mwenyewe alipanga ghorofa ya tisa, jengo la zege,
lifti yake mgonjwa wa kudumu.
"Nyumba kuukuu ni kazi," alisema.
"Nyumbani nataka maji ya moto."

Tulimzika Machi, ardhi ngumu.
Jana nimepanda hadi darini kiwandani, na tochi.
Kipo: tarehe kumi na nne Juni, themanini na saba,
mwandiko wake ulioinama kama mtu anayepita mlango mfupi.
Vumbi tele. Kioo kizima.

Nikatoa simu, namba yake ningali nayo.
Sina la kuripoti, Irmhild.
Hilo tu ndilo nililotaka kukwambia.