Jiwe la Mlangoni

Nimeyasema maneno haya mara ngapi, hata sikumbuki:
"Karibuni Isimila. Zitazameni nguzo hizi,
mvua imezichonga, upepo ukazipiga msasa.
Hapa waliishi watu kabla ya chuma, kabla ya mtama.
Angalieni mnapokanyaga."
Kisha nanyamaza, palepale ninaponyamaza siku zote,
wageni wapige picha.

Aprili hiyo ukungu ulilala korongoni hadi saa nne.
Akaja Bi Ruzuna, mwalimu mstaafu wa Wete,
sweta la mtumba juu ya kanga,
kanga nyingine juu ya sweta,
soksi za mpira ndani ya makubadhi.
"Mwanangu," akasema, "baridi kwetu
tunaisomesha tu, somo la jiografia."

Hakupiga picha. Hakuuliza miaka mingapi.
Aliinama akaokota shoka la jiwe
(hairuhusiwi; nikajifanya naangalia ndege),
akalipima kiganjani kama apimaye muhogo,
akanigeukia:
"Mama yako analiitaje hili?"

Ninazo tarakimu, laki kwa laki.
Ninazo tarehe za wachimbaji, ninalo jina
refu la kiboko aliyetoweka, nalitamka bila kukwama.
Jina alilolipa mama, sina.

Kwetu ni ng'ambo ya korongo,
mwendo wa sufuria moja ya maharage.
Njiani alitaka neno. Nikampa mawili,
akayabeba mdomoni kama mayai kwenye upawa,
na mama alipotokeza jikoni, macho mekundu kwa moshi,
Bi Ruzuna akayatua taratibu:
"Kamwene, mnyalukolo."
Mama alicheka mpaka akaushika ukuta.

Tukaletewa ulanzi kwenye mbeta.
"Huu wa asubuhi," mama akamtoa hofu,
"bado mtoto, haujajua ugomvi."
Bi Ruzuna akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi,
akauliza mwanzi unagemwaje, nani anapanda, nani anakata,
na kwa nini wakati wa mvua tu,
na mama, ambaye mimi humjua kwa maneno kumi kwa siku,
alisema mpaka maharage yakaungua.

Ndipo nikauliza na mimi, macho chini:
"Mama, yale mawe ya kule korongoni. Mnayaitaje?"
"Mawe gani? Kama hilo?"
Akausogeza mlango wa jiko kwa mguu.

Lilikuwa pale. Jeusi kwa masizi,
umbo la jani la mparachichi, makali pande mbili,
limeuzuia mlango usipigwe na upepo.
Nimelipita miaka thelathini na mmoja.
Nimejikwaa hapo kidole gumba,
nikalia, nikabembelezwa, nikalisahau.

"Bibi yako alilifukua akilima maboga.
Jina? Hatukulipa jina. Tulikuwa tunasema: lete lile."
"Mbona hukuniambia, mama?"
"Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia, Chesco.
Laki, viboko, wachimbaji.
Nikasema, mtoto kapata kazi, tumwache."

Sikuwa na jibu. Nikachutama nikaligusa,
lilikuwa la vuguvugu, upande wa moto.

Mama hakuwa na habari na mimi tena.
Alikuwa amevuta kigoda, goti kwa goti na mgeni,
kidevu mkononi, jicho limemtoka:
"Haya, na ninyi huko kisiwani, dada,
mlango wenu mnauzuia na nini?"

Bi Ruzuna akafumbua kinywa.
Akakifumba.
Miaka sitini na minne ameupita mlango ule,
na sasa, mbeta mkononi, milimani, mbali,
alikuwa anausogelea polepole,
anainamisha kichwa atazame nyuma yake.