Mstari wa Arobaini na Moja

Chama cha kahawa, Mbale, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri.
Nimerithi faili sita za jambo moja:
Orodha, Orodha Mpya, Orodha ya Mwisho,
Orodha ya Mwisho Kabisa, Nakala ya Hiyo,
na ile ya Gidudu: Usiguse Hii.
Nikaigusa.

Siku tatu nilipanga kabrasha ndani ya kabrasha,
nikapaka kijani waliolipwa, manjano wanaodai,
naye Nabifo, akiwa Sironko, kishale chake cha zambarau
kikitembea juu ya kazi yangu
kama sisimizi aliyenusa sukari.

Kisha nikaona Khainza wawili.
Kijiji kimoja, Bushika. Namba moja ya simu.
Kilo tofauti, lakini mizani gani
husema neno lilelile mara mbili?
Marudio, nikasema. Nikafuta mmoja,
nikaenda kula malewa.

Ijumaa wakapanda ngazi, bibi na mjukuu,
simu moja imefungwa kwenye leso.
“Jina nilimpa mimi,” bibi akasema,
“shamba alipewa na baba yake.
Sasa yupi kati yetu hayupo?”

Mtandao ulisuasua.
Nikafungua historia ya faili,
nikarudi nyuma hadi Jumanne, saa nne na dakika sita,
nikamkuta palepale,
kilo zake themanini na mbili
hazijapungua hata punje.

Pembeni nikaandika: Msifute. Ni wawili.
Nabifo akaweka tiki.
Na Gidudu, aliyestaafu tangu Machi,
ambaye hakuna aliyekumbuka kumwondolea ruhusa,
akaongeza chini yake:
Nilisema.