Kwaheri ya Kughushi

Hripsime anasema mwanawe amemchoka.
Kila siku saa tatu usiku Vahagn hupiga kutoka Surgut,
anakochomelea mabomba kwenye baridi ya kupasua chuma,
na kabla hajamaliza kuuliza, "Umekula?"
uso wake huganda, mdomo wazi,
kisha hupotea.
"Ananikatia. Wiki ya tatu sasa. Nimemkosea nini?"

Mimi fundi. Sina dawa ya moyo, nina begi la nyaya.
Nimepanda ghorofa tano hapa Gyumri, theluji ikiyeyukia soksini,
nikapewa kahawa kwanza, kazi baadaye.
Ruta iko rafuni, ubavuni mwa chupa ya jamu ya aprikoti,
taa zake za kijani, tulivu, kama asiye na hatia.

Nikafungua kompyuta, nikaitegea hewa sikio.
Saa tatu na dakika mbili ikaanza:
Ondoka. Ondoka. Ondoka.
Jumbe sitini kwa sekunde,
kila mmoja umevaa anwani ya ruta hii, tarakimu kwa tarakimu,
na ruta yenyewe haijafumbua mdomo.
Tableti ya mama ni mgeni mwenye adabu:
ikiambiwa toka, hutoka, haiulizi nani kasema.
Hubisha hodi upya, hukaribishwa,
na kabla haijakaa:
Ondoka.

Nitamwelezaje?
Nilisema: Mama, nenosiri lako linafunika mazungumzo,
hakuna jirani asikiaye habari za goti lako.
Lakini walioitunga mitambo hii walilinda maneno, wakasahau kuagana.
Kwaheri iliachwa uchi, haina saini wala muhuri.
Aliye karibu aweza kuitamka kwa sauti ya mwenye nyumba.

Akazungusha kikombe.
"Kwa hiyo si Vahagn."
Si Vahagn.

Nikashuka ngazi, antena mkononi, kama anayenusa gesi inayovuja.
Ghorofa ya nne. Smbat, miaka kumi na minne,
kibao cha saketi kisichozidi kiberiti,
na mbio za magari kwenye kioo.
Akiwafukuza wengine, hewa yote inakuwa yake.
Hakujua kuwa juu ya dari yake kuna mama.
Aliona namba tu.

Sikumkaripia sana. Atakuja mwingine, na karipio halina antena.
Nikarudi kwa ruta, kwenye ukurasa wa mipangilio
ambao hakuna aliyewahi kuusoma hadi chini,
nikawasha ulinzi: tangu leo
kila amri ya kufukuza ije na muhuri
wa ufunguo waliokubaliana wawili hawa walipopeana mikono.
Isiyo na muhuri ipuuzwe.
Tableti ikagoma. Ni kuukuu, haijui muhuri ni mdudu gani.
Nikamwazima simu yangu ya akiba,
kisha nikavuta kebo mita kumi na mbili
hadi kompyuta ya mezani aliyoiacha Vahagn,
maana mtu akiamua kuijaza hewa makelele matupu,
muhuri hausaidii. Waya ndio kiziwi.

Kebo ilipita juu ya picha ya mumewe,
yule aliyebaki chini ya kiwanda siku ya tetemeko.
Hripsime alinishikia ncha.
"Huyu hakuaga," alisema. "Alitafuta kofia, akatoka."
Nikapigilia msumari. Sikujua la kusema.

Jana nilipita kukagua. Saa tatu na dakika mbili
jumbe zikaja vilevile; Smbat hajaacha.
Nilizihesabu zikidondoka mlangoni, mia, mia mbili,
na kwenye simu Vahagn akauliza, "Umekula?"
akangoja, akasikia jibu lote, hadi bizari.

Wakaagana.
Haya, lala. Lala wewe. Goti je? Limepoa. Haya.
Haya basi. Kata wewe. Wewe kwanza.
Nilivaa viatu, nikafunga kamba, nikafika ghorofa ya tatu,
na bado hakuna aliyekata.