Bolti Nne

Ndahani anapandisha jeki kona moja tu,
gurudumu la nyuma kulia linaning'inia,
kisha ananiita: "Njoo ufunge mlango."
Naufunga. Haufungi.
Unagonga fremu kama mgeni aliyekosea nyumba.
"Umeona?" anasema, akifuta mikono kwa kaptula kuukuu ya mwanawe.
"Gari lako linajikunja. Limezama katikati,
kama mji wenyewe."

Tunacheka, maana Kizota nzima inajua
jina la mji huu lilitoka kwenye kuzama.
Mimi nacheka nusu.

Ni gari la viti viwili, injini mgongoni,
paa la kuvuliwa, taa za kuchomoza
(jicho la kushoto huchelewa),
rangi iliyokuwa nyekundu, sasa ni udongo wa Veyula.
Baba alilinunua kwa Mwitaliano wa bwawani Mtera
aliyekuwa akifungasha kurudi kwao.
Ng'ombe saba na redio.
Mama hakumsemesha tangu mavuno hadi mvua.

Ndahani amechora kwa chaki sakafuni:
bomba toka kichwa cha shokapu hadi kichwa cha shokapu,
mbele na nyuma,
jingine mshazari chini ya tumbo,
achomelee, apake rangi, siku tatu.
"Likikazwa, kona za Kolo utazikata kama mkate."
Ananionyesha ufa, mwembamba kama unywele,
pale mkono wa chini unaposhika bodi.
Nimeugusa kwa ukucha. Ukucha umenasa.

Lakini baba alikuwa nyapara wa reli,
Kigwe hadi Bahi, miaka ishirini na sita.
Alinifundisha kuhesabu kwa mapengo:
kati ya chuma na chuma, nafasi ya unene wa shilingi.
"Usipoiachia reli pa kupumulia,
saa nane mchana itajipinda yenyewe,
na haitakuomba ruhusa."
Ndiyo maana usukani aliushika kwa vidole vitatu,
gari likasema naye kupitia makalio
(samahani, ndivyo alivyosema),
akajua penye mchanga kabla ya kuuona.

Nikikaza kila kitu, nani ataniambia mchanga?

Halafu kuna shamba la dada yangu Mbeho, kule Hombolo.
Mzabibu bila nguzo na waya hulala chini, huoza,
na hakuna aliyewahi kumwambia Mbeho
kwamba waya unaunyima mzabibu utu wake.
Jumanne usiku nilikuwa upande wa waya.
Asubuhi nikarudi upande wa reli.
Alhamisi sikuwa popote, nilikula chapati.

Kuna chuma kinachonesa na chuma kilichochoka.
Kwa macho vinafanana.
Kinachonesa, anasema Ndahani, hurudi pale pale.
Tukashusha jeki. Tukasubiri.
Mlango ukafunga, lakini kwa kusukumwa na goti.

Haya. Ufa uchomelee, huo sina hoja nao.
Bomba la mbele, weka. La nyuma, weka.
La mshazari liache hapo sakafuni, chaki itafutika.
Ila mabomba usiyachomelee: yafunge kwa bolti. Nne.
Nataka niweze kukosea na kurudi.
Akanitazama kama mtu anayenunua jeneza na kuomba risiti.
"Bolti hulegea," akasema.
"Najua. Nitakuwa nazikaza."

Jumapili nimelipeleka hadi Haneti, vioo chini.
Kona limezishika vizuri mno.
Kile kilio cha mlango wa kushoto, iii, iii, kila tuta,
kimekoma,
na kwa kilomita kumi na mbili
sikujua masikio niyaweke wapi.
Mchanga wa Chenene niliugundua nikiwa ndani yake.

Spana namba kumi na saba iko chini ya kiti cha baba.
Sijaitumia.
Nimeihamisha tu, toka kushoto kuja kulia,
mkono unapofika.