Kubali

Bango langu lasema: Swabri, Fundi wa Simu, Kongowea,
mkabala na wauza vitunguu.
Nabadilisha kioo, nakausha simu zilizoanguka chooni
wala siulizi zilifikaje huko.
Na kwa shilingi hamsini
nakuwekea programu yoyote uitakayo.

Ndivyo nilivyomwekea Mwanasiti wa viazi karai.
Januari, ada zadaiwa, karai limetoboka,
mikono yake ina unga wa dengu hadi viwikoni.
"Nibonyezea wewe," akasema, "nisije nikaichafua."
Ikauliza: Tusome majina uliyohifadhi?
Kubali.
Tusome jumbe zako?
Kubali.
Tujue ulipo?
Yuko pale pale tangu soko halijaezekwa mabati,
nani asiyejua? Kubali.
Elfu tatu zikaingia kabla mafuta hayajachemka.
Tukacheka, tukasema dunia imekuwa nyepesi.

Uzito ulikuwa umetuliwa kwengine tu.

Siku ya thelathini na tatu, baada ya alasiri,
simu mia na kumi na nne zililia kwa pamoja
kutoka Mtopanga hadi Likoni:
ya ustadhi wa watoto, ya Kadzo msusi, ya mwenye nyumba,
ya mtalaka wake aliyeko Lunga Lunga,
ambaye siku nyingi alitafuta jambo la kumfurahisha,
ya marehemu mamake, ambayo nduguye bado huichaji.
Na yangu, mfukoni:
MWANASITI NI MLA MADENI. MWAMBIE ALIPE LEO.

Kufikia isha kijana mmoja alishatengeneza stika,
uso wake juu ya kiazi.
Ilichekesha. Nakiri, ilichekesha.
Nilimtumia mtu mmoja tu.

Wenye kampuni walipoulizwa walisema ni mfumo,
mfumo hujituma wenyewe, mfumo hauna nia mbaya.
Mbwa wa jirani akikuuma, jirani hasemi ni meno.
Muuza leso akikupa leso inayochuja
unaijua njia ya kumrudishia, na sauti ya kumrudishia nayo.
Hawa mlango wao ni picha ya mlango.

Mwanasiti aliwajibu, kwa mkono wake, wenye unga:

*Deni si la kulikana, wala sina la kukwepa,*
*Ila haya, ewe bwana, si bidhaa ya kukopa,*
*Jina langu tangu jana, sokoni umelitupa,*
*Lako mbona sijaona, u wapi nije kulipa?*

Jibu lilirudi kabla hajaiweka simu chini:
*Samahani, hatujakuelewa. Jibu 1 kulipa yote,*
*2 kulipa nusu, 3 kuomba mkopo mwengine.*

Asubuhi alikuja na kigoda chake.
Hakutaja stika. Nilingoja aitaje.
"Ulinibonyezea," akasema. "Sasa nisomea."
"Yote?"
"Yote uliyokubali."

Kurasa thelathini na nane, Kiingereza cha mahakamani.
Nikatafsiri nikijikwaa, wateja wakisimama,
mmoja ameshika simu yake iliyolowa kama kifaranga.
*Mkopeshaji hatawajibika kwa…*
"Hapo wasema nini?"
"Wasema wao hawamo."
"Na mimi?"
"Wewe umo."
"Na wewe, Swabri?"
Nikashuka na kidole mstari kwa mstari,
nikapanda tena.
Mimi simo popote.

Muadhini alipoanza tulikuwa ukurasa wa sita.
Akainuka, akakung'uta buibui,
akaweka hamsini mezani, bei ile ile,
juu ya bisibisi zangu.
"Kesho," akasema, "wa saba."